Vifaranga Hawa Hawaendi Ziwani

Wiki hii kuna video iliyozunguka katika makundi ya WhatsApp ya mtaani kwetu hapa Entebbe. Bwana mmoja aliyevaa nadhifu amesimama ukingoni mwa Ziwa Viktoria akiwa na ndoo mkononi, watoto wamemzunguka, na baada ya maneno machache ya kumshukuru Mwenyezi Mungu anaimimina ndoo yote majini. Ndani yake mlikuwa na vifaranga wa samaki waliozaliwa katika tangi la kioo sebuleni kwake, na ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwatarajia. Zikafuata pongezi na dua. Nilipothubutu kuuliza ni samaki wa aina gani, na kama katika tangi hilo mna wengine waliotoka dukani, nikaambiwa kwamba nina roho mbaya.

Basi naomba niruhusiwe kuwa na roho mbaya kwa urefu kidogo, kwa sababu suala hilo linanihusu. Katika tangi langu pia yumo jike wa nkejje, samaki wadogo wa ziwa letu, ambaye amejaza mdomo mayai bila kuniaga. Nkejje wangu niliwanunua mwaloni Kigungu kutoka katika beseni la chambo, wakiwa wanasubiri zamu yao ya kutungwa kwenye ndoana za kuvulia sangara, na mvuvi aliyeniuzia alicheka sana aliposikia kwamba ninakwenda kuwafuga. Nilitaka samaki wa ziwa letu, si wale wa dhahabu ambao maduka ya Kampala yanatuletea kutoka mbali kana kwamba sisi hatuna samaki wenye rangi.

Ambaye hajawahi kuona jinsi nkejje wanavyozaana amekosa jambo. Dume alifukua shimo mchangani kwa mdomo, akakoleza rangi mpaka nikadhani ni samaki mwingine, akaanza kutetemeka mbele ya jike. Jike hutaga mayai machache, hugeuka papo hapo na kuyazoa mdomoni, wakati mwingine hata kabla dume hajayafikia. Kisha dume hutandaza pezi lake la chini, lile lililo karibu na mkia, ambalo lina madoa ya manjano yanayofanana mno na mayai. Jike huyaendea ayakusanye na hayo, na hapo ndipo anapopokea mbegu za dume, na mayai yanarutubishwa mdomoni mwake. Asubuhi iliyofuata alikataa chakula. Koo lilikuwa limeshuka kama mfuko, na taya zilikuwa zikienda polepole kama za mtu anayetafuna kitu asichotaka kukimeza. Kwa joto la maji ya huku kwetu hubaki hivyo kwa wiki mbili hivi au tatu, bila kula au akila kidogo sana.

Jirani yangu, afande mstaafu ambaye hupita jioni kuliangalia tangi, alitoa hukumu bila kusita: "Mwalimu, hao ni wana wa ziwa. Mama yao akishawatema, wapeleke kwao." Namheshimu sana afande. Lakini kwao ni wapi?

Hilo si swali la ubishi. Ziwa Viktoria lilikuwa na zaidi ya spishi 500 za hawa tunaowaita nkejje, ambao ndugu zetu wa Tanzania wanawaita furu, na nyingi kati ya hizo hazikuwa za ziwa zima. Kuna waliokaa kwenye miamba ya kisiwa kimoja tu, wengine kwenye mchanga wa ghuba, wengine kwenye matope ya kilindini. Beseni la chambo halijui mipaka hiyo. Anayelijaza hukusanya popote samaki walipo, na majike, ambao karibu wote ni wa rangi ya udongo, huwatatiza hata wataalamu. Kwa hiyo mimi sina hakika kwamba baba na mama wa vifaranga hawa ni wa spishi moja, wala yule bwana wa video hana hakika hiyo. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake waliwajaribu majike wa spishi mbili za ziwa hili hili, mojawapo ikiwa imepewa jina la Mwalimu Nyerere. Chini ya mwanga mweupe kila jike alimchagua dume wa spishi yake; chini ya mwanga wa rangi ya chungwa, uliofuta tofauti ya rangi za madume, uchaguzi huo ukatoweka. Sasa fikiria tangi lililowekwa sebuleni chini ya balbu ya manjano, na samaki walionunuliwa kwa ujazo wa kikombe. Najua kwamba ziwa lenyewe limechafuka, na kwamba mchanganyiko kama huo unatokea huko huko bila msaada wetu. Hiyo si ruhusa ya kuuongeza kwa ndoo.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa: kwenye ndoo. Historia ya ziwa hili kwa miaka 70 iliyopita ni historia ya watu waliomimina kitu majini kwa nia njema. Sangara hakuingia Viktoria kwa miguu. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960 kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana, na watu waliodhani kwamba nkejje ni takataka zenye mifupa na kwamba ingefaa awepo samaki mkubwa wa kuwageuza kuwa nyama inayouzika. Utafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulikuta kwamba nkejje walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaoishi karibu na sakafu ya ziwa. Miaka ya 1980 ikafika, sangara wakafurika, na inakadiriwa kwamba karibu spishi 200 zikatoweka. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sangara ametuletea fedha za kigeni na amesomesha watoto wengi wa wavuvi, pengine hata baadhi ya wanaosoma maneno haya. Lakini hakuna aliyewauliza samaki waliokuwamo, na hakuna anayeweza kumtoa leo.

Gugu maji nalo lina kisa kama hicho. Lilitoka Amerika Kusini likaletwa Afrika kama pambo la mabwawa, kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, yaani na watu kama sisi wapenda vitu vizuri vinavyoelea. Mwaka 1988 likaonekana Ziwa Kyoga, na muda si mrefu likafika Viktoria. Wenye umri wangu wanakumbuka mitumbwi iliyokwama katika majani yale na akina mama waliokosa mahali pa kuchotea maji.

Wanaosema kwamba ndoo moja ndogo haina madhara ningependa wautembelee upande wa Masaka, kwenye Ziwa Nabugabo. Ziwa hilo lilijitenga na Viktoria kwa ukingo wa mchanga maelfu ya miaka iliyopita, likapata nkejje wake ambao hawapo kwingine. Binadamu akawapelekea sangara katika miaka ya 1960. Waliobaki wengi walijificha kwenye kingo zenye mafunjo na majani, ambako maji yana oksijeni haba ambayo sangara hawezi kuivumilia, na katika vijiziwa vya jirani, Kayanja na Kayugi, ambavyo kinamasi kilivikinga asivifikie. Kinamasi kimefanya kazi ya mlinzi kwa miaka yote hiyo bila mshahara. Hakuna samaki wa tangini anayeweza kukivuka kwa mapezi yake. Ndoo inakivuka kwa boda boda ndani ya dakika kumi.

Habari ya magonjwa nitaipitia kwa ufupi, maana haihitaji hoja ndefu. Duka hutumia wavu mmoja kwa samaki wote, wa Asia na wa kwetu, na ukinunua hata konokono mmoja wa mapambo umekwisha kununua na maji yake.

Naamini watu wengi wanaoachilia vifaranga hawafanyi hivyo kwa huruma. Wamechoka. Kulea vifaranga ni kazi, na ziwa halilipishi ada. Kwa hiyo wacha niieleze kazi yenyewe, ili anayetaka kulea alee na asiyetaka ajue mapema.

Nkejje anayeatamia hahitaji kusumbuliwa. Akifukuzwa huku na huku na wenzake anaweza kuyameza mayai au kuyatema kabla ya wakati, kwa hiyo ni vyema ahamishiwe tangi lake, taratibu, usiku taa zikiwa zimezimwa, na awekewe mawe au kipande cha chungu cha kujificha. Tangi hilo lisiwe jipya kabisa. Bakteria wanaoigeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, huchukua wiki nne hadi sita kuenea, na vifaranga hawatakusubiri. Chukua sponji iliyokuwa ikifanya kazi katika tangi la zamani uihamishe na uchafu wake. Chujio liwe hilo hilo la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa, kwa sababu chujio lenye nguvu litawanyonya watoto. Maji ya bomba yana klorini, hivyo yakae katika chombo kilicho wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Umeme ukikatika, na sote tunajua kwamba utakatika, vifaranga waliosongamana ndio wa kwanza kukosa hewa; pampu ndogo ya betri ni nafuu kuliko majuto.

Kifaranga wa nkejje anapotemwa ana urefu wa karibu sentimita moja, macho makubwa kuliko haki yake, na tayari anajua kula. Siku za mwanzo wote huelea mbele ya uso wa mama yao kama wingu dogo la kijivu, na kivuli cha mkono wako kikipita juu ya kioo wanarudi mdomoni mwake kwa kishindo, wakigombania mlango, mpaka mmoja au wawili wanabaki nje wakigonga midomo iliyofungwa. Nimewaita wageni waache chai yao waje kuona hilo. Baada ya siku chache mwondoe mama, mpe nafasi ya kula na kunenepa peke yake, ndipo umrudishe kwa dume, la sivyo atashambuliwa akiwa mifupa mitupu.

Kwa chakula, usihangaike na mayai ya artemia, vijidudu vya maji ya chumvi wanavyolishwa vifaranga, ambayo bei yake ingelisha familia. Nunua mukene, yaani dagaa, waliokaushwa juu ya wavu au kichanja, si walioanikwa chini, kwa maana wale wa chini wana mchanga. Toa vichwa, twanga, chekecha kwa chujio la chai, na unga utakaopita unatosha. Wape kiasi cha kubanwa na vidole viwili, mara tatu au nne kwa siku, na wakiacha kitu, punguza. Wako wanaosifu kiini cha yai la kuchemsha. Mimi nakiona ni njia ya haraka ya kuyaozesha maji. Robo ya maji ibadilishwe kila baada ya siku moja, kwa mpira mwembamba, na ncha yake iwe imefungwa kitambaa.

Yote hayo yanawezekana. Kinachowashinda watu ni hesabu. Jike mmoja anaweza kukupa vifaranga thelathini, na baada ya wiki chache za kupumzika akakuletea wengine. Miezi michache baadaye madume wanaanza kupata rangi na kila mmoja anataka kona yake, na tangi la lita 60 lina kona nne tu. Marafiki watachukua watano, shule ya jirani itachukua sita, na waliobaki wanakutazama.

Jibu langu litawaudhi waliopiga makofi. Waliobaki wapewe samaki wakubwa, na ni vizuri zaidi wapewe wakiwa wangali wadogo. Au usimtenge jike hata kidogo: mwache awateme katika tangi la wote, penye mawe ya kutosha, na wale watakaojua kujificha ndio watakaokua. Ndivyo inavyokuwa ziwani pia. Katika kila kundi linalotemwa ni wachache wanaofikia utu uzima, na hakuna anayeliita ziwa katili. Ukishindwa na hayo, wape kuku. Nasema haya nikiwa ninawapenda samaki hawa kuliko wengi wa wale walioniandikia kwamba sina utu. Kifaranga aliyeliwa tangini ni hasara ya kifaranga mmoja. Kifaranga aliyemiminwa ziwani akiwa na damu ya spishi mbili, au minyoo aliyoipata kwa samaki wa dhahabu, ni deni ambalo hatujui nani atalilipa, na hatuwezi kulirudisha kwa wavu.

Afande bado hajakubali. Anasema kuku ni kuku na samaki ni samaki, na kwamba yeye asingeweza. Nimempa ahadi kwamba watakapotemwa atachagua wanane wa kupeleka kwake, kwa sharti kwamba kwanza anunue tangi lenye kifuniko, chujio la sponji na pampu ya betri. Wengine wanaotaka vifaranga wanitumie ujumbe na kunieleza tangi lao lina lita ngapi na ndani yake mnaishi nani. Anayetaka wa kwenda kuwaachilia, hata kama ni kwa ajili ya sherehe ya kanisa au ya harusi, nampa jibu lake hapa hapa: sina.