Mbio za msituni Pugu: kinachoamua ni njia, mwezi na idadi ya watu

Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vimezoea lami: Daraja la Tanzanite, Coco, barabara za Masaki alfajiri kabla magari hayajajaa. Sasa macho yamegeukia vilima vya Pugu, kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Pamekuwa na mabishano. Wapo wanaotaka msitu ufunguliwe kwa mbio kubwa za mamia ya watu, na wapo wanaosema msitu uliobaki ni mdogo, hauwezi kubeba miguu yote hiyo. Pande zote mbili zina hoja za kweli. Shida ni kwamba zinagombania kuruhusu au kukataza, ilhali kinachoamua kama msitu utaumia ni njia gani inakimbiwa, mwezi gani, na watu wangapi kwa mara moja.

Wanaotaka mbio wana haki ya kusikilizwa kwanza. Jiji hili halina milima ya kufanyia mazoezi. Vilima vya Pugu vinafika mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, na aliyezoea Moshi anaweza kuvidharau, lakini ni mipando mifupi mikali inayofuatana, na hapo ndipo miguu inapojengeka. Wakimbiaji wa milimani wana hesabu yao: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama kilomita 1 ya ziada. Kwa hiyo njia ya kilomita 15 yenye jumla ya mita 400 za kupanda ni kazi ya kilomita 19. Anayepanga muda na maji kwa kilomita 15 za lami atakwama kilomita ya 12 na chupa tupu. Ardhi ya msituni nayo haimgongi mkimbiaji magoti kama lami, ingawa inamdai kifundo cha mguu kilicho imara.

Kuna na hoja ya fedha na ulinzi. Kiingilio kinalipwa serikalini, mama lishe na bodaboda wa Kisarawe wanapata wateja, na msitu unaopitiwa na watu waaminifu, inasemwa, humkimbiza mchoma mkaa. Hili la mwisho ni kweli nusu. Tanuri la udongo huwaka kwa siku kadhaa, na mkaa husombwa usiku. Wakimbiaji wanaopita Jumamosi asubuhi hawamkamati mtu. Wanachoweza kukifanya, na kina thamani, ni kuona moshi au kisiki kibichi, kurekodi mahali penyewe kwa simu, na kumpelekea mhifadhi taarifa siku hiyohiyo. Kikundi kisicho na namba ya ofisi ya hifadhi kwenye simu ya kiongozi wake kisijiite walinzi wa msitu.

Upande wa pili hauongozwi na hisia tu. Pugu na Kazimzumbwi kwa pamoja ni zaidi ya hekta 7,000, mabaki ya misitu ya pwani iliyokatwa vibaya kwa mkaa na mashamba. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku anayepatikana Tanzania pekee, katika misitu michache ya pwani. Yumo pia sange mwenye mgongo mweusi, ambaye huzunguka mchana akifukua majani makavu kwa pua yake ndefu, na hujenga kiota chake chini, kwenye rundo la majani hayohayo. Mkimbiaji anayechepuka mita tatu kukwepa dimbwi anaweza kukikanyaga bila kujua. Na huku ndiko Mto Msimbazi unakoanzia. Udongo unaotoka vilimani una safari moja tu, kushuka mjini, na watu wa Jangwani, bondeni mwa mto huo, wanalijua tope lake.

Hata hivyo, haki itendeke: ukilinganisha na mkaa, mashamba na machimbo ya mchanga, njia ya mguu ni jeraha dogo. Wanaoizungumzia kana kwamba ndiyo itakayomaliza msitu wanatukosesha muda wa kuzungumzia shoka. Lakini dogo hilo tunalisababisha sisi wakimbiaji, na tunaweza kulizuia.

Namna njia inavyoharibika inastahili kueleweka vizuri, maana hapo ndipo uamuzi wote ulipo. Sehemu ambayo haijawahi kupitwa huumia zaidi na wapitaji wa mwanzo kabisa: majani yanavunjika, miche inalala, udongo unashindiliwa. Ikishakuwa njia, mguu wa mia mbili hauongezi madhara mengi kama wa ishirini ulivyofanya. Maana yake watu 200 kwenye barabara ya zamani ya gari ni afadhali kuliko watu 40 kwenye kijia kipya kilichofyekwa ili mbio ipendeze kwenye picha. Kufyeka kijia kipya ndilo kosa kubwa kuliko yote, na ndilo linalowavutia waandaaji wengi, kwa sababu wanadhani barabara ya zamani si mbio ya msituni. Njia zinazorekodiwa na kusambazwa kwenye programu za simu zina hatari hiyohiyo. Mmoja akikata kona na kuiweka mtandaoni, baada ya mwezi kona imekuwa njia.

Maji ndiyo yanayomalizia kazi ya miguu. Tazama njia inayoshuka kilima moja kwa moja baada ya mvua: katikati pana mfereji, mchanga umesombwa hadi bondeni, mizizi imebaki wazi imeng'aa kwa kukanyagwa, na pembeni pameanza kijia cha pili cha wale wanaoukwepa mfereji. Mvua ya mwaka kesho itachimba cha pili. Tiba yake inajulikana. Njia ikate kilima kwa ubavu. Isipande zaidi ya mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo, wala isizidi nusu ya ukali wa kilima chenyewe. Ukingo wa chini uwe chini kidogo ya ule wa juu ili maji yavuke njia badala ya kuifuata. Palipo na mteremko usiokwepeka, ziwekwe gogo au tuta za kuchepusha maji, zimelazwa mshazari, maana gogo lililolazwa moja kwa moja hujaa mchanga na kurukwa na maji. Kanuni ya mkimbiaji ni fupi zaidi: pita katikati ya tope, hata kama raba ni mpya.

Kutokana na hayo, mwezi una uzito kuliko ukubwa wa mbio. Masika, Machi hadi Mei, udongo wa Pugu wenye mfinyanzi unateleza na kubebeka. Mbio kubwa zisifanyike hata kidogo. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ziangaliwe wiki kwa wiki. Juni hadi Septemba ndio wakati wake, ingawa nao una adha: upupu umekauka. Manyoya ya maganda yake hupeperuka ukigusa tawi tu, na ngozi inawasha hadi mtu anashindwa kukimbia. Asijikune wala kusugua. Abandike utepe wa gundi na kuubandua mara kadhaa, kisha abadilishe fulana. Soksi ndefu zinasaidia kwa upupu na kwa kupe pia.

Idadi nayo inatatulika kwa hesabu. Watu 300 wakianza pamoja kwenye njia nyembamba, kilomita mbili za kwanza ni kusukumana na kupitana vichakani. Wakiachiwa 20 kila dakika 5, kundi la mwisho linaondoka dakika 70 baada ya la kwanza: wakianza saa 12 asubuhi, la mwisho ni saa 1 na dakika 10. Hapo joto limeanza, hivyo 300 kwangu ndiyo dari, na 150 ndiyo idadi ya busara. Mbio za usiku kwa tochi za kichwani ziachwe kabisa, komba hana pengine pa kwenda. Mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, yenye popo wengi, yasiwemo kwenye njia.

Hoja ambayo pande zote mbili zinaipita haraka ni usalama wa mkimbiaji mwenyewe. Chini ya miti kuna kivuli lakini hakuna upepo, na unyevunyevu wa pwani unazuia jasho kukauka. Mwili unachemka mtu akidhani yuko poa. Anayeyumba, anayejibu ovyo, ni wa kupozwa hapohapo kabla ya kusafirishwa: maji mwilini kote, barafu kwapani na shingoni. Kila kituo kiwe na madumu ya lita 20 na barafu, mbali na maji ya kunywa. Kunywa nako kuna mipaka. Nusu lita hadi robo tatu kwa saa inawatosha wengi. Anayemimina maji matupu kwa saa tatu anaweza kushusha chumvi ya damu, akaumwa kichwa, akatapika na kuchanganyikiwa. Kinywaji kiwe na chumvi: pakiti moja ya ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) kwa lita 1, au vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa lita 1 ya maji safi. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi: ukipungua zaidi ya asilimia 2 ulikunywa kidogo, ukiongezeka ulikunywa kupita kiasi.

Akiumwa na nyoka, na kifutu ni wa kutarajiwa kwa sababu hakimbii akisikia hatua, asitembee. Avuliwe viatu na pete, mguu utulizwe, bila kukata, kunyonya wala kukaza kamba, abebwe. Ndiyo maana kila baada ya kilomita 3 pawe na mahali pikipiki au gari linaweza kufika. Njia isiyo na hilo haifai kwa mbio, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inataka kibali, na kibali ndicho chombo cha kumaliza mabishano haya. Mwandaaji aje na ramani ya njia zilizopo tu, tarehe ya kiangazi, orodha ya vituo, na amana ya fedha inayorudishwa baada ya ukaguzi. Ukaguzi wenyewe hauhitaji mtaalamu kutoka mbali: sehemu 10 za njia zipigwe picha na kupimwa upana kwa futikamba wiki moja kabla ya mbio, na tena wiki mbili baadaye. Palipopanuka, amana itumike kuweka magogo na kuziba vijia vya pembeni, na idadi ya mwaka unaofuata ipunguzwe.