Bahari Haina Itifaki

Kuna mtu, tena mwenye cheo chake, ameupigilia mwarobaini wa kituoni bango la bati kwa misumari minne ya inchi nne. Bango lasema: TUNZA MITI. Mti watoa utomvu, kondakta chini yake aita Likoni, na sisi raia watulivu, tusiopenda maneno, tupite tu.

Haya, tumepita. Lakini hizi sherehe za kupanda mikoko, jamani!

Kadi yaja: saa tatu asubuhi, hori la Tudor hapa Mombasa, mgeni rasmi mheshimiwa fulani. Aliyechagua siku, Mungu ampe kheri, aliuliza wavuvi kwanza. Ni bamvua, maji ya kujaa sana na kupwa sana, mwezi umeandama juzi, na bamvua la hapa kwetu maji hupwa kabisa kama saa nne asubuhi, yakajaa saa kumi jioni. Mtoto yeyote wa Mikindani analijua hilo. Basi saa nne tope lang'aa, viti mia mbili vimepangwa, spika yapiga chakacha, kina mama wa kikundi wamesimama na ndoo zao. Mgeni hayupo. Saa tano yuko njiani. Saa sita yuko Changamwe, kuna foleni ya malori, kana kwamba kuna siku isiyokuwapo. Saa saba na nusu ashuka, viatu vyametameta. Sasa dua, kisha wimbo wa taifa, kisha utambulisho wa meza kuu, na meza kuu ina watu kumi na tisa. Bahari nayo haina itifaki. Kufika mtu wa kumi na mmoja, viti vya nyuma vimeanza kuelea, na MC awaomba waheshimiwa wasogee mbele kidogo.

Mbegu ya mkoko, kwa asiyeijua, ni kama bamia lililokataa kuacha kurefuka. Iliyokomaa ina shingo ya manjano chini ya kofia, ukiigusa yang'oka yenyewe. Ncha kali yaenda chini, theluthi izame topeni, chipukizi litazame juu, kutoka moja hadi nyingine mita moja. Basi. Haitaki shimo, haitaki mbolea. Mheshimiwa aomba jembe. Jembe laja, limefungwa utepe. Achimba, maji yafukia. Achimba tena, yafukia tena. Mwisho aidunga mbegu kichwa chini, miguu juu. Mama mmoja afunua kinywa, akumbuka posho, akifumba. Makofi. Picha. Nyuma yake wengine wapanda miche ya kitaluni pamoja na mfuko wake wa plastiki, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2017.

Na wapanda wapi? Kule chini, kwenye tope tupu ambako mkoko haukuwahi kuota tangu babu wa babu. Mikoko ni jamii, na kila mmoja ana pake: mbele, upande wa bahari, hukaa mlilana, mkoko wenyewe nyuma yake, kisha mkandaa, na mchu karibu na nchi kavu. Ukiutanguliza mkoko mbele ya mlilana, utakaa majini saa nyingi mno, vigamba viugande, takataka za mawimbi ziulaze, na baada ya muda ni kijiti. Basi kwa nini huko? Kwa sababu huku juu, mahali pake hasa, pana wenyewe! Na wenyewe wana utaratibu kushinda ofisi yoyote: lori moja la kifusi usiku wa manane. Wiki nzima kimya. Lori la pili. Mizizi ya kupumulia yafukiwa, miti yakauka, na uliokauka haukukatwa na mtu. Kisha mabati. Kisha hati. Tope la mvua za El Niño za 1997 na 1998 liliiua mikoko ya hori la Mwache vivi hivi, ila lile lilikuja bure. Na mikoko yote ya pwani ni msitu wa serikali tangu 1932! Tangu 1932, wallahi!

Wala si kwamba haiwezekani. Machimbo ya simenti ya Bamburi yalikuwa mawe matupu. 1971 ikapandwa mivinje, wakaletwa majongoo wakala majani makavu, udongo ukapatikana, leo ni msitu. Jongoo hakutambulishwa meza kuu.

Meza kuu yanikumbusha viti. Mwenye viti ahesabu, mia na themanini na tatu. Kumi na saba vimeingia na maji huko ndani ya hori, na maji hayageuki kabla ya saa kumi. Amuuliza MC. MC asema muulize mratibu. Mratibu yuko kwenye pilau. Pilau imepikwa kwa kuni za mkandaa, maana mpishi asema hakuna kuni zinazoshika moto kama hizo, na finyango zimekwisha, zimebaki viazi, tena viazi vyenyewe vya kugawana.