Prosesa mpya si dawa ya kila kompyuta nzito

Kompyuta ikianza kuwa nzito, wengi wanakimbilia prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote. "Niwekee i7," ndiyo kauli inayosikika kila siku kwenye maduka ya kompyuta, maana i7 ni prosesa ya Intel ya daraja la juu kuliko i5. Kwa mashine nyingi za mezani tunazotumia huku, hizi Dell na HP za mtumba zilizokwisha kufanya kazi maofisini Ulaya, mimi naona hiyo ni pesa inayopotea.

Chukua Dell OptiPlex 9020 yenye i5-4570 ya mwaka 2013. Fundi akikuwekea i7-4790 ya mwaka 2014, viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi, vinabaki vilevile 4. Kasi ya juu inapanda kutoka GHz 3.6 hadi 4.0, na kila kiini kinaweza kushika kazi mbili kwa pamoja. Ukiwa mtu wa kuhariri video, tofauti utaiona. Ukiwa mtu wa Word, Excel na kuchapisha fomu za watu, huioni.

Kabla hujatoa hela, subiri mashine ikwame, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua sehemu ya Performance na utulie uangalie. Mara nyingi utakuta diski imegota asilimia 100 huku prosesa iko chini kabisa, inasubiri iletewe data. Hadidiski ya kuzunguka ikisoma faili moja kubwa inajitahidi. Lakini Windows inapowaka inaita maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika, kichwa cha kusomea kinahangaika huku na huku, na kasi inaporomoka hadi MB chache kwa sekunde. SSD, yaani diski ya chipu, ya kawaida inayochomekwa kwa waya wa SATA haina kitu kinachozunguka, na faili kubwa inazisoma kwa takriban MB 500 kwa sekunde. Weka hiyo, ongeza ramu, ile kumbukumbu ya muda, ifike GB 8 au 16, toa vumbi kwenye feni. Prosesa ni ileile, na kompyuta inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inataka prosesa ya kizazi (toleo) cha 8 kwenda juu. Sasa watu wanauziwa i7 ya kizazi cha 4, kama hiyo 4790, wakiambiwa "hii inakubali Windows 11". Haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubaliwa, sawa na i5 uliyoitoa. Wala ya kizazi cha 8 huwezi kuichomeka hapo. Hata mazabodi (bodi kuu inayobeba prosesa) za kizazi cha 6 na 7, ambazo soketi yake, yaani kiti cha prosesa, ina pini 1151 sawasawa na ya kizazi cha 8, hazikutengenezwa kuiwasha. Kwa hiyo unabadili mazabodi na ramu pia, maana ramu ya zamani ya aina ya DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4. Ukifika huko, tafuta mashine nyingine nzima, au weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, uendelee na uliyo nayo.

Wenye mazabodi za AMD za soketi AM4 ndio nawaambia bila kusita: badilisheni. Mtu aliyenunua Ryzen 5 1600 mwaka 2017 anaweza leo kuchomeka Ryzen 7 5700X kwenye mazabodi ileile, mradi kampuni iliyotengeneza mazabodi hiyo imetoa baios (programu ya mazabodi ya kuwashia kompyuta) inayoitambua prosesa hiyo. Anatoka viini 6 anaingia 8, kila kimoja kina nguvu zaidi, ramu ya DDR4 inabaki, matumizi ya umeme hayapandi sana, na Windows 11 inaikubali. Kwa anayehariri video au kucheza gemu, hiyo ni kompyuta mpya kwa bei ya kipande kimoja.

Baios isasishwe prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, tena kompyuta iwe kwenye UPS, ile betri ya dharura, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza kufa. Na feni iliyokaa juu ya prosesa msiivute kwa nguvu. Pini za AM4 zipo kwenye prosesa yenyewe, na ile dawa ya kupitisha joto ikikauka inashika kama gundi, feni inang'oka na prosesa yake na pini zinapinda. Washa kompyuta ipate joto kwanza, zima, chomoa waya, kisha izungushe feni taratibu kushoto na kulia mpaka iachie.