Bustani ya Dodoma Ihesabiwe Kuanzia Mwisho wa Mvua

Mwaka wa kwanza nilipohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam, nilipandikiza nyanya katikati ya Februari, kwa mazoea ya mtu wa pwani ambaye vuli ikimpita hujipa moyo kwamba masika haiko mbali. Miche ilishika vizuri, ikatoa maua ya njano, na matunda ya kwanza yalikuwa na ukubwa wa gololi mvua ilipokata mwezi wa Aprili. Nilibeba madumu ya maji asubuhi na jioni kwa muda wa wiki tatu, kisha nikasalimu amri. Kilichosalia kilimalizwa na kantangaze, kile kiwavi kinachotoboa majani na matunda kana kwamba kimetumwa.

Naitaja aibu hiyo kwa sababu kila mwaka naiona ikirudiwa kwenye nyua za wageni wenzangu, hasa sisi tuliokuja baada ya Serikali kuanza kuhamia huku. Tunafika na kalenda ya pwani kichwani. Dar es Salaam ina vuli na masika, na mvua yake ya mwaka kwa kawaida hupita milimita 1,000. Dodoma ina msimu mmoja tu, unaoanza mwishoni mwa Novemba au ndani ya Desemba na kwisha Aprili, na jumla yake kwa kawaida haifiki milimita 600. Tena katikati ya msimu huo, Januari au Februari, mvua huweza kusimama wiki mbili tatu bila kuaga.

Kwa hiyo nashikilia kwamba mpango wa bustani huku uanze na siku ya mwisho, si ya kwanza. Kabla ya msimu, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za msimu, na karibu kila mtu mtaani huuliza zitaanza lini. Mimi husoma kwanza zinatarajiwa kwisha lini, halafu naihesabu kalenda kurudi nyuma. Mchicha huchumwa wiki ya tatu au ya nne tangu kusiwa, na majani ya kunde karibu vivyo hivyo. Bamia huhitaji takriban miezi miwili. Nyanya, ukijumlisha mwezi wa kitaluni, hupita miezi mitatu kabla hujaonja hata moja. Ikiwa mvua itakata katikati ya Aprili, basi mchicha waweza kusiwa hadi katikati ya Machi bila wasiwasi, bamia ziwe ardhini mwezi wa Januari, na nyanya zilipaswa kuwa kitaluni tangu Novemba, wakati vumbi bado linatimka.

Kitalu hicho cha Novemba ndicho kitu ninachokitetea kuliko vyote. Changu ni beseni kuukuu lililotobolewa chini, limekaa kivulini, lina mchanganyiko wa udongo, mchanga na samadi iliyooza sawasawa, na hunywa kopo moja la maji kwa siku. Humo husia nyanya chungu na sukuma wiki, ili mvua ya kwanza ya maana iikute miche ikiwa na majani manne au matano, nami niwe nimeupata mwezi mzima ambao msimu haukunipa. Nyanya zenyewe nimewaachia wauzaji wa sokoni: wakati wa mvua huandamwa na ukungu, na mvua ikikata huja kantangaze.

Kosa langu la pili lilikuwa matuta. Niliyainua kama tulivyofanya nyumbani, maji yakateremka pembeni na kwenda zake. Bibi mmoja jirani, Mgogo, aliyepita kunisalimu, aliyatazama kwa muda kisha akasema, “Mjukuu wangu, huku tuta halipandi, linashuka.” Sasa nachimba matuta mbonyeo yenye kina cha kiganja hivi, nachanganya samadi, na baada ya miche kushika natandaza nyasi kavu. Zile wiki za ukame wa Februari ukizifunua nyasi hizo na kuingiza kidole, udongo wa chini bado una ubaridi.

Maji ya paa nayo yahesabiwe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, mvua ikinyesha milimita 20, linapokea lita 1,200. Hata ukiondoa yanayomwagika, tenki la lita 1,000 karibu linajaa kwa mvua moja, na mchicha wa tuta dogo hauhitaji zaidi ya madumu mawili kwa siku.

Ifikapo Machi mboga huzidi nyumba, na hapo ndipo wageni wengi huziacha zikakomaa na kutupwa. Bibi yule alinionyesha kuchuma majani ya kunde asubuhi umande ukishakauka, kuyachemsha kidogo na kuyatandaza juu ya mkeka kivulini hadi yavunjike yakifinywa. Mlenda yeye huukausha na kuutwanga ukawa unga. Mwaka jana makopo mawili ya kunde kavu, zikiungwa kwa karanga na kuliwa kwa ugali wa uwele, yalitufikisha Septemba.