Wazee Wangu Walipendana Wakati wa Vita, Deni Nalipa Mimi

Ukitaka kuishi na mke wako kwa amani, omba usizaliwe na wazazi wanaopendana. Nasema kwa uchungu. Wenzangu kijiweni walikulia kwenye nyumba za ngumi na vyungu kurushwa, wakaoa, na sasa wakirudi tu nyumbani bila kutukana mtu, wake zao wanapiga vigelegele. Kazi imeisha. Mimi baba na mama walipendana kabla ya Amini, wakapendana Amini alipovamia, Amini akakimbia wao wakaendelea, na mpaka leo wako palepale Mabatini, hapa Mwanza. Mzee anakaribia miaka 80, bi mkubwa yuko nyuma yake kidogo, wanapendana tu bila kutuhurumia sisi tuliooa juzi.

Mke wangu akinuna hanitajii jirani mwenye gari wala shemeji yangu aliyeezeka vigae. Ananitajia baba yangu mzazi. "Baba Neema, baba yako alilala nje usiku kucha kwa ajili ya mche wa sabuni. Wewe nimekutuma gesi hapo barabarani, unaniambia mvua." Sasa mtu unajibu nini? Na mvua ilikuwa inanyesha kweli.

Mambo haya yalianza Oktoba 1978, majeshi ya Nduli Amini yalipoingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likalipuliwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akazungumza na nchi, akasema uwezo wa kumpiga upo, sababu ipo, nia ipo. Baba yangu wakati huo alikuwa kibarua kwenye kinu cha kuchambua pamba, anarudi jioni mvi za pamba kichwa kizima ilhali hana hata miaka thelathini na mitano. Mali yake duniani ilikuwa mke, watoto watatu, baiskeli ya Phoenix na mafunzo ya mgambo. Kilichotakiwa na taifa kilikuwa hayo mafunzo. Akaifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya jikoni, akamwambia mama, "Nitarudi," akaondoka. Hakumkumbatia. Hakumwambia neno lolote la mapenzi. Nimeuliza sana juu ya hilo, kwa sababu nilitaka kupata pa kushikia. Mama anasema, "Aliniachia ufunguo wa baiskeli, ulitaka aniachie nini tena?"

Ukimsikiliza mzee akisimulia, Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 kwa sababu yeye alikuwa amekaribia. Anaeleza mizinga, anaeleza matope, anaeleza mto kwa mikono miwili mpaka chai inamwagika. Bi mkubwa anangoja amalize, anapangusa meza, halafu anasema polepole, "Waambie na ulichokuwa unakoroga." Kumbe mzee alikuwa mpishi. Vita vile alivipiga kwa mwiko. Yeye hana aibu nalo: "Mtafuteni askari mwenye njaa, mumuulize kama anaona shabaha." Ila kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, anakaa nje peke yake na redio yake. Kuna aliowapikia jioni, asubuhi hawakuja na sahani. Wapo waliolala Kaboya, kule Muleba. Siku hiyo mama hamtanii habari za mwiko.

Huku nyumbani sasa. Tangazo likaja kupitia kwa balozi wa nyumba kumi: kila kaya ichimbe handaki. Aliyetoa amri hiyo sijui kama aliwahi kufika Mabatini. Pale kwetu ukichimba mpaka magotini unakutana na jiwe ambalo mizizi yake iko Musoma. Mama alichimba na jirani zake kwa jembe na sururu, wakapata shimo la kuingia watoto watatu kwa zamu, au wote kwa pamoja vichwa ndani na makalio nje. Tukafanyishwa mazoezi. Mama anapiga sufuria, sisi tunazamisha vichwa. Usiku taa zinazimwa, balozi anapita anafoka kwenye kila dirisha linalotoa mwanga, na mtoto akilia kwa kuogopa giza anaambiwa Amini atamsikia. Asubuhi shuleni, mchakamchaka, tunaimba kumtukana yuleyule tuliyelala tukimwogopa.

Na kweli bomu likaja. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, maana Gaddafi alikuwa anamsaidia rafiki yake, ilitumwa kupiga matangi ya mafuta Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye wanyama, wakafa swala. Mama anadai alisikia mshindo akiwa anaanua nguo, akatukusanya na kutusukumia shimoni, kisha yeye mwenyewe akakosa nafasi, akakaa juu yetu. Swala wale anawaheshimu mpaka leo. Anasema walikufa badala ya watu wa Mwanza na hakuna aliyeandika majina yao. Mimi ninachokiona hapo ni kingine: aliyekwenda vitani alikuwa jikoni, aliyebaki jikoni ndiye aliyeshushiwa mabomu. Nikilisema hili mezani wazee wote wawili wananigeukia kwa pamoja. Hawajawahi kuungana na mimi dhidi ya mwenzake hata siku moja.

Barua sasa. Hii ndiyo inayonimaliza. Kipindi chote alichokuwa vitani, mzee aliandika barua moja tu iliyofika, na bi mkubwa ameihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Nimeisoma. Inasema hajambo, inasema tusiuze baiskeli, inasema pampu iko kwa jirani wa juu na asipoirudisha aambiwe itarudi na mwenyewe. Inasema mnyororo upakwe mafuta. Mwisho: "Wasalimie watoto. Kula." Basi. Hiyo ndiyo barua. Mama alimwonyesha mke wangu mwaka tulipooana, na mke wangu akalia mpaka ushungi ukalowa. "Ona alivyomwambia kula," anasema. "Kwenye vita, anamfikiria kama amekula."

Mimi kila asubuhi kabla sijawasha mashine ya kuchomelea namtumia WhatsApp: nakupenda mke wangu, mioyo minne, ua moja. Ananijibu "sawa."

Siku moja nikasema ngoja nibadili mbinu. Nikamwandikia: "Kula." Akanipigia simu kuniuliza ninamwamrisha kama nani.

Mzee alirudi 1979, amekonda, kavaa buti zilizochakaa. Kabla hajatusalimia akalizunguka handaki, akalipima kwa hatua. "Hili si handaki, mama Maganga. Hili ni shimo la takataka." Mama akamjibu, "Takataka zako zote tatu hizi hapa, nzima, zihesabu." Akahesabu. Shimo halikufukiwa, walipanda mgomba, na ndizi zake tunakula hadi sasa, ingawa kila ukikata mkungu lazima kwanza uhutubiwe.

Vita vikaisha, njaa ndiyo ikapiga hodi. Mwalimu akasema tufunge mikanda miezi 18. Nchi nzima ikafunga. Miezi 18 ikapita, ikaja mingine na mingine, na kwa bi mkubwa bado haijakwisha, tutafika huko. Sabuni ikapotea kabisa. Nguo tukafulia majani ya mpapai, na shati langu jeupe la shule likaanza kuelekea ukijani kidogo kidogo. Dawa ya meno ilikuwa mkaa. Viatu vilikuwa katambuga, ule mpira wa tairi ambao ukiuvaa hujui kama umemaliza mguu au umemaliza safari. Tuliishi kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na furu, visamaki vya ziwani, na ninawashukuru waliovumbua michembe kuliko waliovumbua umeme.

Duka la kaya likipata mzigo, habari inatangulia usiku. Watu wanapanga mawe kwenye foleni, kila jiwe na mwenyewe, wanarudi kulala. Mwanza mawe hatukuwahi kupungukiwa. Tatizo ni kutofautisha lako na la mwenzako, na mawe mengine yalikuwa na miguu, yanasogea mbele gizani. Mzee akalipaka lake rangi nyekundu, mtu wa Simba yule, asubuhi akalikuta limerushwa mtaroni. Ndipo akaamua kulala naye. Yaani na jiwe. Alilala pale chini kando ya jiwe lake mpaka kukakucha, baada ya zamu ya kiwandani, akapata mche mmoja wa sabuni, akauficha ndani ya shati na kupita njia ya nyuma asikutane na mtu wa kumwomba kipande.

Hili nililiona mwenyewe. Akautoa mbele ya mama, umefungwa gazeti, una alama ya jasho la tumbo lake. Mama akauinua mpaka puani, akaunusa kwa muda. Halafu akasema, "Na chumvi?" Mzee akasema chumvi hakuna. Mama akasonya. Akachukua uzi wa kushonea, akaukaza kwa vidole viwili vya huku na viwili vya kule, akaukata ule mche vipande vyembamba bila kupoteza unga. Uliodondoka aliuokota kwa ncha ya kidole chenye maji, akaubandika kwenye kipande cha mwisho. Sisi watatu tumesimama na sare zetu za kijani tukingoja. Kipande cha kwanza akafulia shati la baba.

Mke wangu hapo ndipo anaposhika kifua. Mimi namwambia, mama Neema, sabuni ipo. Ya mche ipo, ya unga ipo, ya maji ipo, yenye harufu ya maua ambayo hata hayaoti huku ipo. Nikalale wapi? Nikilala nje ya duka la Mangi kwa ajili ya sabuni, si nitapelekwa kituoni? Mapenzi ya mzee yalisaidiwa na uchumi wa nchi. Angeoa leo na yeye angetumwa gesi akasingizia mvua.

Ikafuata enzi ya mahindi ya njano ya msaada, ambayo nchi nzima iliyaita unga wa Yanga. Mtu wa Simba, mgambo aliyefika Uganda, anawekewa mezani ugali wa Yanga. Aligoma. Akasema heri alale na njaa. Mama akamsogezea sahani: "Amini hakukuua, unga wa Yanga ndio utakuua?" Akala amefumba macho. Mama akamshikia taa ya kibatari mbali kidogo, ili rangi isionekane. Akaishikilia hivyo mpaka akamaliza, mkono ukitetemeka, na kesho yake hivyohivyo. Ndiyo ile mnayoona kwenye tamthilia watu wakiwashiwa mishumaa, ila hii ilikuwa kwa ajili ya Simba.

Basi, wazee hawa hawajatoka vitani. Ndege ikipita usiku kuelekea uwanjani, mzee anazima taa. Nimemweleza ni abiria wanatoka Dar, wengine wamelala. Anasema hata ile ya Gaddafi ilikuwa na watu ndani. Chini ya kitanda cha bi mkubwa kuna sabuni, chumvi, sukari, viberiti, na madumu ya mafuta ya taa ilhali umeme upo. Nikitaka kusafisha chumba wananiangalia kama mhujumu uchumi. Pesa ya kula ninayowapelekea naikuta imegeuka sabuni. "Ng'wanawane," mama ananiambia, "wewe hukumbuki." Nakumbuka! Nilikuwa ndani ya shimo, kichwa chini!

Sasa mwanzoni mwa 2024 sukari ikaadimika nchi nzima. Wenzangu walinuna, mimi nilifurahi moyoni, Mungu anisamehe. Nikasema hii sasa ndiyo zamu yangu, nchi imenikumbuka. Nikafunga karakana mapema. Nikazunguka Igogo, nikavuka mpaka Kirumba, kila duka kichwa kinatikiswa, na kila kichwa kilivyotikiswa ndivyo nilivyozidi kupata nguvu. Nikakuta foleni. Foleni ya kweli, yenye kusukumana na mama mmoja wa kunikanyaga! Nikapanga, nikapigwa jua, nikapata kilo mbili. Nikaziweka ndani ya shati. Nikapita njia ya nyuma.

Nafungua mlango, wazee wangu hao hapo sebuleni kwangu, vikombe mkononi. Nje imeegemezwa Phoenix, haina breki, haina taa, mzee aliikokota kutoka Mabatini mzigo ukiwa nyuma, kilo tano za sukari za chini ya kitanda, kwa sababu alisikia redioni haipatikani akamfikiria mkwewe. Mke wangu amekaa karibu naye, macho yamelengwa. "Baba Neema, umemwona mzee? Na miguu yake ile?"

Nikatoa zangu mbili shatini, zina jasho. Hakuna aliyezinusa. Bi mkubwa alizipokea kwa mkono mmoja bila kugeuka, akazitia kwenye kikapu chake cha kurudia Mabatini, maana jicho lake lote lilikuwa kwenye kikombe cha mume wake.

"Baba Maganga, vijiko vitatu? Unadhani vita vimeisha?"