Chicago 1939: walifuta mchezo au walifuta aibu?

Oktoba 1939, timu ya Chuo Kikuu cha Michigan iliifunga ya Chuo Kikuu cha Chicago pointi 85 kwa 0. Kwa asiyeijua futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi, kuuvusha mpira mstari wa mwisho wa mpinzani ni pointi 6. Piga hesabu mwenyewe ni mara ngapi vijana wa Chicago walibaki wamesimama, wenzao wanapita. Harvard walikuwa wameshawapiga 61. Virginia wakaja na 47, Ohio State 61 nyingine, Illinois wakafunga msimu kwa 46. Katika mechi hizo tano Chicago hawakuambulia hata pointi moja.

Tarehe 21 Desemba bodi ya wadhamini ya chuo ikaamua: futiboli basi.

Mpaka leo uamuzi huo una watu wake na wapinzani wake. Kuna wanaomwona rais wa chuo wa wakati huo, Robert Maynard Hutchins, kuwa mwanamume pekee aliyethubutu kukiambia chuo chake kwamba kazi yake ni kufundisha. Na kuna wanaosema alikimbia kipigo, kisha akakivika kipigo hicho joho la falsafa.

Ikumbukwe kwamba Chicago hawakuwa vibonde wa kuzaliwa. Walikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi iliyokuja kujulikana kama Big Ten, mwaka 1896, na waliitwaa mara saba. Kocha wao Amos Alonzo Stagg alikaa na timu kuanzia 1892 hadi 1932, mpaka uwanja ukapewa jina lake. Hata baada ya yeye kuondolewa kwa sababu ya umri, 1935 mchezaji wao Jay Berwanger alikuwa wa kwanza kupewa tuzo ambayo sasa inaitwa Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Husimuliwa kwamba shangazi yake alikuwa akiitumia sanamu ya tuzo hiyo kuzuia mlango usijifunge. Ligi ya kulipwa ilipomwita, Berwanger hakwenda.

Sasa tumsikilize Hutchins. Alishika chuo 1929 akiwa na miaka 30, mwaka uleule taasisi ya Carnegie ilipotoa ripoti iliyoanika jinsi vyuo vya Marekani vilivyokuwa vikiwinda wachezaji na kuwalipa kwa mlango wa nyuma, huku vikiapa kwamba ni wachezaji wa ridhaa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: chuo kikishaonja mapato ya mlangoni, kitaanza kusajili kama klabu, na mwalimu atakayemfelisha mshambuliaji ataonekana msaliti. Chicago haikulipa wachezaji wala haikuwapunguzia masomo. Mwenye kipaji alikuwa na sababu gani ya kwenda kusomeshwa falsafa ya Wagiriki pale, wakati majirani walikuwa wanamtandikia zulia?

Kuna ushahidi mmoja unaombeba Hutchins kuliko hotuba zake zote. Kocha aliyefungwa hizo 85 alikuwa Clark Shaughnessy. Timu ilipofutwa akaenda Stanford, waliokuwa wameshinda mechi moja tu msimu wa 1939. Mwaka uliofuata, chini yake, Stanford walishinda zote, wakamalizia kwa kuwalaza Nebraska 21 kwa 13 katika Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo ya kila Mwaka Mpya, Januari 1, 1941. Kwa hiyo tusitafute mchawi kwenye benchi la ufundi. Kocha alikuwa na akili ileile. Aliyebadilika ni mchezaji aliyepewa.

Watetezi wa Hutchins hupenda pia kutaja kwamba Desemba 2, 1942, chini ya jukwaa la magharibi la uwanja huohuo wa Stagg, Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mmenyuko wa kwanza wa nyuklia unaojiendeleza wenyewe. Eti futiboli ilipotoka, sayansi ikaingia. Hadithi tamu, lakini hoja haina miguu. Walikitumia chumba cha mchezo wa skwoshi kwa sababu kilikuwapo na kilikuwa na nafasi. Haikuhitajika kumfukuza mtu yeyote uwanjani ili atomu ipasuke.

Upande wa pili una maswali mawili yanayouma. La kwanza ni la wakati. Kama futiboli ilikuwa sumu, ilikuwa sumu pia 1935, Berwanger alipokuwa akishangiliwa. Kufuta timu inayoshinda kungemgharimu Hutchins wahitimu wenye pesa. Kufuta timu iliyoruhusu pointi 308 na kupata 37 hakukuhitaji ujasiri mwingi. Wengine walishusha pumzi.

La pili silisikii likisemwa sana, nalo kwangu ndilo zito zaidi. Wale vijana waliofungwa 85 hawakulipwa. Walifanya mitihani ileile ya wenzao, jioni wakavaa kofia za ngozi wakaenda kugongwa. Yaani wao ndio hasa wachezaji wa ridhaa ambao Hutchins alisema mchezo huo umewapoteza. Alikuwa nao nyumbani kwake, na ni wao waliofungiwa mlango.

Watu wakiutaja msimu ule hutaja vipigo tu. Lakini Chicago walicheza mechi nane, na mbili walishinda: Wabash 12 kwa 2, Oberlin 25 kwa 0. Kwa Beloit walifungwa 6 kwa 0, mchezo wa kawaida kabisa. Wabash, Oberlin na Beloit ni vyuo vidogo. Ukiziangalia hizo tatu peke yake, unaona timu ya wanafunzi inayocheza na wanafunzi wenzao, inashinda, inafungwa, maisha yanaendelea. Ugonjwa ulikuwa kwenye orodha ya wapinzani. Chuo kilitaka heshima ya kukaa meza moja na Michigan bila kulipa gharama ya Michigan, na kilipoona haiwezekani, kikaona bora kisile kabisa. Hata Big Ten yenyewe hakikutoka mpaka 1946.

Nikimtendea haki Hutchins, njia ya katikati haikuwa imefyekwa wakati ule. Madaraja ya sasa ya michezo ya vyuo, yanayotenganisha wakubwa na wadogo, yalikuja 1973. Makubaliano ya vyuo vya Ivy, yaani Harvard na wenzake wa mashariki mwa Marekani, ya kukataa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo ni ya 1954. Yeye alikuwa na uwanja wa makumi ya maelfu ya watu na wahitimu waliozoea mataji. Angewapa mechi na Oberlin, msimu wa tatu wangeanza kudai usajili. Hofu hiyo ninaielewa. Nisichokubali ni kwamba hakikubaki cha kujaribu, maana chuo chenyewe kilijaribu: 1969 timu ya Chicago ilirudi rasmi, ikacheza na vyuo vya saizi yake, bila kumlipa mchezaji, na inacheza mpaka leo. Hutchins alikuwa ameshaondoka zamani. Uwanja wa Stagg nao ulikuwa umebomolewa, na pale wakajenga maktaba.

Ushindi dhidi ya Oberlin ulikuwa wa mwisho kabla ya kufutwa. Wiki iliyofuata vijana walewale wakapelekwa kwa Illinois.