Hitaji limeandikwa, nani analichunga?

Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Haikufikisha hata dakika moja: ilipinda ghafla, ikaanza kuvunjika, ikajilipua. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilifuatilia chanzo hadi kwenye operesheni moja ya programu. Namba ya biti 64, iliyohusiana na kasi ya mlalo, ililazimishwa kuingia katika namba kamili ya biti 16, nayo haikuenea. Programu yenyewe ilirithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi yake bila matata.

Kwa wanaotafiti mahitaji ya mifumo ya programu, yaani kauli za kile ambacho mfumo unapaswa kutimiza, biti hizo si kiini cha mkasa. Kinachouma zaidi ni jambo jingine ambalo tume ililiandika: pande husika zilikubaliana kwamba data za njia ya Ariane 5 zisiingizwe katika mahitaji ya kifaa cha kupima mwendo, kile kilichobeba programu hiyo. Roketi mpya hupata kasi ya mlalo upesi kuliko ile ya zamani, lakini hati ambayo ingemwonyesha mhandisi jambo hilo haikuwa nalo. Zaidi ya hapo, sehemu ya programu iliyoanguka haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Iliachwa iendelee kwa sekunde 40 hivi kwa sababu ya hitaji la Ariane 4: urushaji ukisimamishwa dakika za mwisho, hesabu iweze kuanza tena haraka. Hitaji lilikuwa limekwisha, msimbo wake ukabaki hai.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 1999, NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu iliyo kinyume kabisa. Safari hii hitaji lilikuwapo, tena limeandikwa vizuri: hati ya makubaliano kati ya programu ilitaka msukumo wa injini ndogo za chombo utolewe kwa nyutoni-sekunde. Programu moja ya ardhini ikautoa kwa pauni-sekunde, tofauti ya takriban mara 4.45, na namba zikapokelewa hivyo hivyo. Safarini waongozaji waliona kwamba hesabu hazikai sawa, ila wasiwasi wao haukupitishwa kwa njia rasmi. Chombo kikafika sayari ya Mirihi kikiwa chini mno.

Anayetaka kutetea ufafanuzi wa kina, yaani kuandika mahitaji kikamilifu kabla ya kujenga, ataleta Ariane, na anayetaka kutetea ufuatiliaji, yaani kuchunga kama yanatimizwa mfumo ukiwa kazini, ataleta Mirihi. Ubishi huu ni wa miongo mingi, na haujatulia kwa sababu kila upande umeshika kitu cha kweli.

Upande wa ufafanuzi na modeli una historia ya kujivunia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Kathryn Heninger na David Parnas, wakiwa na wenzao katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, waliandika upya mahitaji ya programu ya ndege ya A-7 kwa majedwali: kila tokeo na masharti yake, pasipo nafasi ya maneno ya kupita juu juu. Mwaka 1977 Amir Pnueli alikuwa ameingiza mantiki ya wakati katika sayansi ya kompyuta, na kauli kama "kila ombi hatimaye litajibiwa" ikawa kitu kinachoweza kuandikwa kihisabati na kuhakikiwa. Baadaye Axel van Lamsweerde na wenzake waliunda KAOS, njia ya kuandika mahitaji kuanzia kwenye malengo, na Eric Yu kule Toronto akaunda modeli za i*, zinazoonyesha nani anamtegemea nani na kwa jambo gani.

Faida kubwa ya modeli za malengo ni kwamba zinauliza kwa nini. Hitaji linalosema "mfumo utume ujumbe ndani ya sekunde tano" halina maana mpaka ujue sekunde tano zinamlinda nani. Ukijua lengo, unaweza pia kuuliza ni kipi kitalizuia, na KAOS ina hatua maalumu ya kutafuta vikwazo hivyo kabla msimbo haujaandikwa. Wala haya si mambo ya darasani tu. Njia ya 14 ya metro ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998, huendesha treni bila dereva kwa programu ya usalama iliyojengwa kwa mbinu ya B, hatua kwa hatua, pamoja na uthibitisho wa kihisabati. Na mwaka 2015 wahandisi wa Amazon walieleza jinsi modeli za TLA+, lugha ya kueleza mifumo kihisabati, zilivyofichua hitilafu katika huduma zao ambazo njia nyingine za ukaguzi hazikuziona.

Hoja ya gharama nayo husikika sana: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtafiti wa uhandisi wa programu Barry Boehm ndiye aliyeipa namba, kwamba kosa la mahitaji likigunduliwa baada ya mfumo kuanza kutumika huweza kugharimu hata mara 100 ya kulirekebisha mwanzoni. Namba hiyo hunukuliwa kila mahali, lakini ni wachache wanaoongeza kwamba Boehm mwenyewe, akiandika na Victor Basili mwaka 2001, alisema kwa mifumo midogo isiyo ya hatari uwiano ni kama mara 5. Mara 5 si haba, ila si mara 100, na anayeitumia namba kubwa kutetea hati ya kurasa mia nane kwa mfumo wa kuazimisha vitabu anapiga chuku.

Udhaifu wa upande huu unajulikana. Uthibitisho huonyesha kwamba msimbo unatii maelezo. Hauonyeshi kwamba maelezo ndiyo yaliyotakiwa. Mwanasayansi wa kompyuta Fred Brooks alisema hivyo mapema, mwaka 1986: sehemu ngumu kuliko zote katika kujenga programu ni kuamua hasa kitu gani kijengwe. Na watu hawajui wanachotaka mpaka wakione kikifanya kazi. Tamko la Agile la mwaka 2001, la watengenezaji wa programu waliotaka njia nyepesi za kazi, lilisimama juu ya uzoefu huo lilipoithamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nene. Mahitaji yatajitokeza, tukutane na mtumiaji kila baada ya wiki chache, tubadilishe.

Ufuatiliaji ni tawi jingine la shaka hiyo hiyo, lenye nidhamu zaidi. Mwaka 1995 Stephen Fickas na Martin Feather walitoa pendekezo ambalo mpaka leo naliona halijapewa uzito wake. Walisema mfumo husanifiwa juu ya dhana, yaani mambo yanayochukuliwa kuwa kweli, kuhusu mazingira yake, na mazingira hubadilika. Basi zichungeni dhana hizo mfumo ukiwa kazini, na zikivunjika, mjue kwamba usanifu hauhakikishi tena mahitaji, kisha mfumo ubadilishwe au ujibadilishe. Angalia walichosema kichungwe. Hawakusema seva.

Sehemu kubwa ya kinachoitwa ufuatiliaji leo ni kupima mapigo ya moyo ya mashine: kumbukumbu imejaa kiasi gani, maombi mangapi yameshindwa, jibu limechukua milisekunde ngapi. Vipimo hivyo vinafaa, ila havijui hitaji. Fikiria mfumo wa kupanga miadi wenye hitaji kwamba mtu asisubiri zaidi ya dakika 20. Wasanifu walichukulia kwamba mmoja kati ya kumi hatatokea, wakaruhusu miadi itolewe mingi kidogo kuliko nafasi zilizopo. Baadaye ujumbe wa kukumbusha ukaanza kutumwa, na karibu wote wakawa wanatokea. Seva inajibu vizuri kuliko jana, grafu zote za kijani, na watu wamekaa saa nzima wakisubiri. Hakuna kilichoharibika ndani ya mashine. Kilichobadilika ni dhana moja kuhusu tabia ya watu, ambayo haikuandikwa popote kama dhana. Ilijificha ndani ya namba moja ya msimbo.

Watafiti wa programu Pamela Zave na Michael Jackson walilieleza jambo hili kwa usafi mwaka 1997. Hitaji ni kauli kuhusu ulimwengu, si kuhusu mashine. Maelezo ya mashine hayatoshi peke yake kulitimiza. Yanahitaji kuungana na maarifa kuhusu ulimwengu, na viwili hivyo kwa pamoja ndivyo vinavyopaswa kuzaa hitaji. Maarifa yakiwa ya uongo, mashine itatii kila neno lililoandikwa na hitaji litashindwa.

Mfano unaorudiwa katika fani ni wa ndege ya Airbus A320 ya Lufthansa iliyotua Warsaw tarehe 14 Septemba 1993. Hitaji lilikuwa la busara: vifaa vya kuikaba kasi ndege visifanye kazi ikiwa bado angani. Mashine haiwezi kujua moja kwa moja kwamba ndege iko chini, hivyo ilitegemea ishara: uzito juu ya miguu yote miwili mikuu, au magurudumu yanayozunguka kwa kasi ya kutosha. Siku hiyo njia ya kutulia ilikuwa na maji, upepo haukuwa ule uliotarajiwa, ndege ikagusa kwa mguu mmoja kwanza na magurudumu yakateleza juu ya maji. Kwa sekunde kadhaa ndege ilikuwa chini huku programu ikiamini iko juu. Watu wawili walikufa. Programu ilifuata maelezo yake barabara.

Hapa wapenda modeli watasema: mngefanya uchambuzi wa vikwazo, utelezi ungeonekana. Wapenda ufuatiliaji watasema: hakuna atakayeorodhesha kila hali ya ulimwengu. Wote wawili wana haki, lakini mzani wangu hauko katikati. Kufuatilia kunahitaji kitu cha kufuatilia, na kitu hicho hakipatikani kwenye logi (kumbukumbu za matukio) za seva, hupatikana kwa yule aliyekaa wakati wa usanifu akaandika "hili tunalichukulia kuwa kweli, na tukikosea litaharibika lile." Timu inayotupa nyaraka zote kwa jina la wepesi hutupa na orodha hiyo. Kinyume chake, timu inayojaza mamia ya kurasa kuhusu skrini na vitufe bila kuandika dhana hata moja imefanya kazi nyingi isiyo na faida. Hati ya dhana peke yake, kurasa tano au sita, ingefaa kuliko aina zote mbili. Viwango vya kimataifa vya kuandika mahitaji, kama ISO/IEC/IEEE 29148, vinazipa dhana sehemu yake, ila mara nyingi ndiyo hujazwa mwisho, kwa haraka.

Ufuatiliaji wenyewe nao usitukuzwe. Ariane 5 ilijichunga: kifaa kiligundua hitilafu, kikajizima kama kilivyoagizwa, na cha akiba kilikuwa tayari kimejizima kwa sababu ile ile, kwani kilibeba programu ile ile. Taarifa ya hitilafu iliyotumwa ikasomwa na kompyuta kuu kana kwamba ni data za safari. Kugundua bila kujua la kufanya ndiko kulikoiangusha. Kisa cha Volkswagen kilichofichuka mwaka 2015 kina somo jingine: programu ya injini ilitambua dalili za gari kuwa kwenye kipimo cha maabara, ikapunguza moshi wakati huo tu. Kinachopimwa kwa njia inayotabirika kitatimizwa wakati wa kupimwa. Na yapo malengo ambayo hayana kipimo cha moja kwa moja, kama haki, au mtumiaji kuuamini mfumo. Ukilazimisha kipimo, timu itaanza kutumikia kipimo. Tena kuchunga tabia za watumiaji ili ujue kama dhana zako ni za kweli ni kuwachunga watu, na ruhusa yao haitokani na nia yako njema ya kihandisi.

Watafiti wengine walijaribu kulegeza hitaji lenyewe. Lugha ya RELAX, iliyotolewa mwaka 2009 na Jon Whittle na wenzake, inaruhusu kuandika kwamba jambo fulani litimizwe kwa kiasi kinachokaribia iwezekanavyo, pamoja na kutaja hali za mazingira zisizo na uhakika na jinsi zitakavyoangaliwa. Kiufundi naipenda, kwa sababu inamlazimisha mwandishi akiri wapi hajui. Kwenye mkataba naiogopa. Mtoa huduma mjanja ataona katika "iwezekanavyo" mlango wa kutokea.

Swali gumu zaidi sasa limehamia kwenye mifumo inayojifunza kutokana na data. Gari la majaribio la Uber, la kujiendesha lenyewe, lilipomgonga na kumuua mtembea kwa miguu huko Tempe, Arizona, tarehe 18 Machi 2018, wachunguzi wa NTSB, wakala wa Marekani wa usalama wa usafiri, walikuta kwamba mfumo haukuzingatia watu wanaovuka barabara nje ya kivuko. Ulimwona sekunde kadhaa kabla, ukawa unabadili jina lake: gari, kitu kingine, baiskeli. Kila jina jipya lilifuta historia ya mwendo wake, hivyo njia yake haikutabiriwa vizuri. Husemwa kwamba mifumo ya aina hii haiwezi kuandikiwa mahitaji, kwa kuwa hakuna anayeweza kufafanua "mtu" kwa sentensi. Nakubali nusu. Ufafanuzi wa mtu ulikuwa mgumu kweli. Lakini "watu huvuka vivukoni tu" ni dhana ya maneno manne ambayo ingeweza kuandikwa, kubishaniwa mezani, na kuwekewa mchunguzi ambaye angepiga kengele siku ya kwanza ya majaribio barabarani.